Mashemeji wa Michigan: utani wa jadi katika kikapu cha vyuo vidogo

Mwaka 1997, katika ukumbi wa Van Andel mjini Grand Rapids, jimbo la Michigan, watu 11,442 walijazana kutazama mechi ya mpira wa kikapu ya wanaume. Waliokuwa uwanjani hawakuwa na mshahara. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akisomeshwa kwa sababu ya kujua kutumbukiza mpira kikapuni. Vyuo vyenyewe, Hope na Calvin, hata ungewakusanya wanafunzi wao wote pamoja usingeujaza ukumbi ule. Na bado usiku huo uliweka rekodi ya mahudhurio kwa daraja la tatu la kikapu cha vyuo Marekani.

Msomaji aliyezoea kukesha na NBA ana haki ya kuuliza: watu hawa walifuata nini? Hakuna nyota wa kesho pale. Kombe halikuwa likigombewa siku hiyo. Ilikuwa mechi ya ligi kati ya vyuo viwili vya kanisa vilivyoachana kwa mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Jibu limefichwa katika mambo matatu yanayochanganywa mno mashabiki wanapobishana juu ya mechi hizi: maana ya udogo, chanzo cha utani, na hesabu za msimu. Tuyafungue, ingawa nakiri mapema kwamba la pili ndilo linalonivuta zaidi.

Udogo wa nini?

NCAA, chama kinachosimamia sehemu kubwa ya michezo ya vyuo vya Marekani, kiligawa wanachama wake katika madaraja matatu mwaka 1973. La kwanza ndilo linaloonekana kwenye televisheni: kumbi za watu elfu ishirini, makocha wanaolipwa mamilioni ya dola, na tangu 2025 hata wachezaji wenyewe wanaweza kulipwa moja kwa moja na vyuo vyao. La tatu lina vyuo zaidi ya 400, na sheria yake kuu ni moja: marufuku kumpa mwanafunzi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Anaweza kusaidiwa ada kwa kuwa kwao hali ni ngumu, au kwa kuwa alama zake za darasani zinang'aa. Kwa kuwa analenga vizuri kutoka nje ya mstari wa pointi tatu, hapana.

Pembeni kipo chama kingine, NAIA, chenye vyuo vidogo vingi pia, lakini chenyewe kinaruhusu ufadhili wa michezo. Ndiko walikotoka Taylor, chuo cha Upland, Indiana, wenye mila ya ajabu kabisa: Ijumaa moja ya Desemba, kabla ya mitihani, jukwaa zima la wanafunzi waliovaa mavazi ya vichekesho hukaa kimya kama msikitini mpaka timu yao ifikishe pointi ya kumi. Ikiingia, paa linataka kung'oka. Mpinzani wa siku hiyo anaweza kuwa yeyote, kwa hiyo huo si utani wa jadi, ni sherehe. Nimeutaja kwa sababu watu huuchanganya na utani kila mara.

Sasa, chuo kidogo si lazima kiwe kidogo. Chuo Kikuu cha New York kina makumi ya maelfu ya wanafunzi na kinacheza daraja la tatu. Kipo ligi moja na Chuo Kikuu cha Chicago, Emory cha Atlanta, Brandeis cha kando ya Boston na vingine vya namna hiyo, na timu zao hupanda ndege kwenda kucheza ugenini. Kikapu chao ni kizuri. Washington University ya St. Louis ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 2008, ikautetea 2009. Lakini utani wao, kwa macho yangu, ni chai isiyo na tangawizi. Mtu wa Atlanta na mtu wa Boston hawakutani dukani Jumatatu asubuhi. Hawana shangazi mmoja.

Udogo tunaouzungumzia, basi, ni udogo wa kujuana. Na hapa Kiswahili cha michezo kinatusaidia kuliko lugha nyingi, kwa sababu hatuwaiti timu hizi maadui. Tunawaita watani wa jadi. Mtani ni yule anayeweza kuja kwenye msiba wako akakudhihaki na ukamkaribisha chakula, kwa kuwa kati yenu kuna jambo la zamani lililokwisha kuwa vita na sasa ni maneno. Watani hawaokotwi njiani. Simba ilizaliwa 1936 na watu waliojitenga na Yanga, na ndiyo maana hata leo kelele zao ni za ndugu waliogawana vyombo. Kule Kenya, Gor Mahia na AFC Leopards wakikutana watu husema mashemeji wanacheza. Ukishika mawazo hayo mawili, nyumba iliyogawanyika na ushemeji, umeshaielewa nusu ya Hope na Calvin.

Waligombania tenzi

Mwaka 1847 mchungaji Mholanzi, Albertus van Raalte, aliwaongoza watu wake hadi kwenye misitu ya magharibi mwa Michigan, karibu na ziwa kubwa, wakaanzisha mji wakauita Holland. Walikuwa watu waliokwisha kujitenga mara moja: kwao Uholanzi walikuwa sehemu ya kundi lililolihama kanisa la dola kuanzia 1834. Mwaka 1850 wakajiunga na kanisa la Kiholanzi lililokuwapo Marekani tangu enzi za ukoloni, upande wa New York. Ndoa hiyo haikupendwa na wote. Mwaka 1857 makanisa manne yakatoka. Malalamiko yao leo yanaweza kuonekana madogo: kanisa kubwa linaimba tenzi za kutungwa badala ya zaburi tu, linawaruhusu watu wa madhehebu mengine mezani pa Bwana, linapuuza kuhubiri katekisimu. Kwao hayakuwa madogo.

Waliobaki walijenga Hope, kilichopata hati yake mwaka 1866, palepale Holland. Waliotoka walianza shule ya kufundishia wachungaji mjini Grand Rapids mwaka 1876, ikakua ikawa Calvin, na tangu 2019 inajiita chuo kikuu. Kati ya miji hiyo miwili kuna kama kilomita 45.

Mgeni akiketi jukwaani atachanganyikiwa. Pande zote mbili majina ya ukoo yanaanza na Van au De. Pande zote mbili wanasali kabla ya kula, na kwa imani wanatofautiana kwa mambo ambayo mgeni atahitaji saa nzima kuelezwa. Lakini huyu amevaa rangi ya chungwa na buluu, yule damu ya mzee na dhahabu. Wa Hope wanaitwa Flying Dutchmen, jina la merikebu ya mizimu inayozunguka baharini milele bila kutia nanga. Wa Calvin ni Knights, mashujaa wa farasi, na inasimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na sikio la mwandishi wa habari: watu walisema "Calvinites", yeye akasikia "Calvin Knights", akaandika hivyo, likashika. Ikiwa ni kweli au ni hadithi ya kuchangamsha wageni, mashabiki wa Hope wanaipenda kuliko wa Calvin.

Kikapu kilikuja baadaye sana. Mechi zao huhesabiwa kuanzia 1920, na mwaka 1953 Calvin ilipojiunga na ligi ya MIAA, ambayo Hope ilikuwamo na ambayo ndiyo kongwe kuliko zote za vyuo Marekani (ilianza 1888), kukutana kukawa lazima: mara mbili kila msimu, nyumbani na ugenini. Katika miaka mia na ushee wamekutana takriban mara 200.

Kitu ambacho takwimu hazionyeshi ni jinsi watu hawa walivyooana. Ule mpasuko wa 1857 uliwahi kuwa sababu ya mzazi kukataa mchumba. Leo ni jambo la kawaida kukuta baba alisoma Hope, mama Calvin, na watoto wamegawanyika kama nchi mbili zenye mpaka katikati ya meza ya chakula. Hata fedha zinapita pande zote. Uwanja wa ndani wa Hope, uliofunguliwa 2005 na wenye nafasi kama 3,400, unabeba jina la DeVos. Richard DeVos, mfanyabiashara aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Amway na baadaye kuinunua timu ya Orlando Magic ya NBA, aliwahi kusoma Calvin, na jina la familia yake liko kwenye majengo ya huko pia. Kwa hiyo mwanafunzi wa Hope anayepiga kelele dhidi ya Calvin anafanya hivyo chini ya jina la mtu aliyeketi kwenye madarasa ya Calvin. Mashemeji.

Calvin nao, miaka minne baadaye, wakafungua ukumbi wao, Van Noord, mkubwa zaidi. Hakuna aliyesema ni mashindano. Hakuna aliyehitaji kusema.

Mfano wa pili wa nyumba iliyogawanyika uko mashariki, jimbo la Massachusetts. Chuo cha Williams kiko kwenye kona ya milima, mbali na kila kitu, na mwaka 1821 rais wake, Zephaniah Swift Moore, alichoka na upweke huo akahama na baadhi ya wanafunzi kwenda kuanzisha Amherst. Wa Williams hawajasahau. Mwaka 1859 vyuo hivi viwili vilicheza mechi ya kwanza kabisa ya besiboli kati ya vyuo Marekani, Amherst wakashinda 73 kwa 32, na tangu hapo kila mchezo unaobuniwa unageuzwa kuwa kisingizio cha kuurudia ugomvi ule. Kwenye kikapu hawa si wa kubahatisha: Williams mabingwa wa taifa 2003, Amherst 2007 na 2013. Mwaka 2014 walikutana nusu fainali ya taifa na Williams ikamchakaza mtani wake kwa pointi karibu 30, kisha ikapoteza fainali kwa Wisconsin-Whitewater, 75 kwa 73. Katika timu ile ya Williams alikuwamo kijana wa mwaka wa kwanza, Duncan Robinson, ambaye alihamia Chuo Kikuu cha Michigan na hatimaye akafika NBA na Miami Heat. Ni nadra sana mtu kupanda ngazi hiyo. Ukimtaja mbele ya shabiki wa Williams, jiandae kukaa.

Wa tatu siwezi kuwaacha, kwa sababu wao nyumba yao haijagawanyika bado. Kule Claremont, California, kuna vyuo vitano vilivyojengwa ukuta kwa ukuta. Havitoshi kila kimoja kuwa na timu, kwa hiyo Pomona na Pitzer wana timu moja, na Claremont McKenna, Harvey Mudd na Scripps wana nyingine. Kinachowatenganisha ni barabara, Mtaa wa Sita. Mwanafunzi wa chuo kimoja anaweza kula kwenye bwalo la chuo kingine, kwa hiyo inawezekana kabisa ukapanga foleni ya wali nyuma ya mtu aliyekufunga pointi 20 jana usiku. Mtu aliyeifundisha Pomona-Pitzer kuanzia 1979 hadi 1988, akiishi na familia yake kwa muda ndani ya bweni la wanafunzi, ni Gregg Popovich, yuleyule aliyekuja kuipa San Antonio Spurs ubingwa wa NBA mara tano.

Kumuombea mtani ashinde

Hadi hapo ni historia. Lakini mashabiki wanapokaa kubishana, nusu ya ubishi si historia bali hesabu, na hapa ndipo mgeni hupotea.

Msimu uko hivi. Novemba na Desemba timu hucheza na yeyote. Januari na Februari ni ligi: kila mmoja anakutana na kila mmoja nyumbani na ugenini. Mwisho wa Februari karibu kila ligi inafanya mashindano yake ya mtoano, na bingwa wa mtoano huo ndiye anayepata tiketi ya moja kwa moja ya mashindano ya taifa yenye timu 64. Si aliyeongoza msimamo. Unaweza kutawala ligi miezi miwili, ukateleza Jumamosi moja, tiketi ikaenda kwa mtani.

Tiketi za moja kwa moja ni zaidi ya 40. Zinazobaki, chache, hugawiwa timu bora zilizoteleza. Zamani kamati ilikaa na orodha za kila kanda na kupima. Tangu msimu wa 2024–25 kazi kubwa inafanywa na kipimo kinachoitwa NPI, kinachochanganya ushindi wako, ugumu wa wapinzani wako na kama ulicheza nyumbani au ugenini. Kumfunga mnyonge hakukuongezei kitu. Kumfunga aliye juu, hasa kwake, kunakupandisha.

Tazama sasa kinachotokea kwa utani. Kama umepangiwa kukutana na Hope mara mbili kila mwaka utake usitake, basi ubora wa Hope ni sehemu ya alama zako. Hope wakishinda mechi zao za Novemba, Calvin inafaidika. Hope wakivurunda, ushindi wa Calvin dhidi yao unapungua thamani. Shabiki wa Calvin mwenye akili timamu, basi, anapaswa kumuombea Hope ushindi katika kila mechi isipokuwa zile za kwao wawili. Na wapo wanaofanya hivyo, kwa siri, kama mtu anayempelekea shemeji hela ya matibabu bila kutaka mkewe ajue. Wengine wanasema hapana, hata kama itaigharimu timu yao nafasi, Hope wafungwe tu kila mahali. Ubishi huu hauna mwisho, na binafsi naona wa kundi la pili ndio watani wa kweli ingawa wa kwanza ndio wanaojua hesabu.

Kuna na jambo la mwizi wa nafasi. Timu dhaifu ikitwaa mtoano wa ligi, inachukua tiketi ya moja kwa moja. Ile yenye nguvu iliyofungwa inaomba nafasi ya kuchaguliwa, na hapo mahali fulani mbali, Virginia au Ohio, timu iliyokuwa kwenye ukingo inadondoka nje bila kugusa mpira. Ndiyo maana Jumamosi ile ya mwisho ya Februari shabiki wa Virginia anaijua saa ya mechi ya Michigan.

Jingine linalowatoa watu povu ni basi. NCAA haipendi kulipia ndege kwa daraja la tatu, kwa hiyo raundi za mwanzo za taifa hupangwa kwa timu zinazoweza kufikiana kwa barabara. Matokeo yake, majirani wawili wazuri wanaweza kuwekwa pamoja mapema na mmoja kumtoa mwenzake, wakati upande mwingine wa nchi timu za kawaida zinapeta. Na watani wanaweza kukutana mara nne msimu mmoja: mbili za ligi, ya mtoano, na ya taifa.

Hii inatuleta kwenye msemo unaorudiwa mpaka umekuwa kama aya: ni vigumu kumfunga mtu yuleyule mara tatu. Kwa namna moja ni kweli, kwa namna inayosemwa si kweli. Chukua timu yenye nafasi 60 katika 100 ya kushinda kila mechi dhidi ya mtani. Kabla ya msimu, uwezekano wa kushinda zote tatu ni kama 22 katika 100, mdogo kweli. Lakini mashabiki huusema msemo huu baada ya mechi mbili, mbili zikiwa mfukoni. Hapo imebaki mechi moja tu, na nafasi bado ni 60, pengine zaidi, kwa kuwa mara mbili zimekwisha kutuonyesha nani ni nani, na mechi ya mtoano kwa kawaida huchezwa kwa aliyemaliza juu. Msemo unadumu kwa sababu yule anayefungwa mara ya tatu hana hadithi ya kusimulia. Yule anayepindua ndiye atasimuliwa hadi kwa wajukuu.

Ndugu yake ni ule usemao kwamba siku ya watani, msimamo wa ligi unawekwa kando. Ukitazama miaka mia ya Hope na Calvin utaona kweli wamekaribiana sana. Lakini sababu si uchawi wa siku ile. Vyuo viwili vya ukubwa mmoja, umbali mdogo, ada zinazokaribiana, vinasajili vijana kutoka shule zilezile na mara nyingine kutoka makanisa yaleyale. Katika muda mrefu lazima vitoshane. Ndani ya mwaka mmoja, aliye bora hushinda zaidi. Siku ya watani hubadilisha kelele na mapigo ya moyo ya wachezaji wa mwaka wa kwanza kwenye mitupo huru. Hiyo si ndogo, lakini haitoshi kuufuta msimamo.

Daftari tatu

Basi nani yuko mbele? Inategemea unafungua daftari gani, na kila upande umeshachagua lake.

Daftari la ana kwa ana linampendelea Hope, kidogo. Hiyo ndiyo kazi ya vizazi, na ya watu kama Glenn Van Wieren, aliyesoma hapohapo Hope, akairudia timu kama kocha mwaka 1977 na kukaa nayo hadi 2010. Shabiki wa Hope akianza kuongea ataanzia hapo.

Wa Calvin atamsikiliza mpaka amalize, kisha atasema maneno matatu: tisini na mbili. Mwaka 1992, chini ya Ed Douma, Calvin ilitwaa ubingwa wa taifa. Mwaka 2000, chini ya Kevin Vande Streek, ikatwaa tena kwa kuwafunga Wisconsin-Eau Claire. Hope imefika fainali ya wanaume mara mbili, 1996 na 1998, ikapoteza zote, kwa Rowan na kwa Wisconsin-Platteville. Mbili kwa sifuri. Hili la fainali za miaka ya tisini linauma kwa namna ya pekee kwa sababu zimekaa katikati kabisa ya mataji mawili ya mtani, kama mtu aliyebanwa kwenye kiti cha daladala na majirani wawili wanaocheka.

Daftari la tatu, la mataji ya ligi, hufunguliwa yale mawili yakishindwa kumaliza ubishi, na huwa halimalizi.

Halafu mwaka 2024 kikatokea kichekesho ambacho mwandishi wa tamthilia angeona haya kukitunga. Ligi ya MIAA ilitoa bingwa wa taifa wa wanaume. Hakuwa Hope. Hakuwa Calvin. Alikuwa Trine, chuo cha Angola, mji mdogo wa Indiana karibu kabisa na mpaka wa Michigan, kilichowafunga Hampden-Sydney 69 kwa 61 pale Fort Wayne. Wakati mashemeji wanagombania nani alianza kuzaliwa, jirani amechukua ng'ombe. Je, Trine sasa ni mtani? Wengi wa pande zote mbili watakwambia hapana, ni mpinzani mkali tu. Utani hauji na kombe. Trine hawakuwapo 1857.

Hata hao waliofungwa, Hampden-Sydney, chuo cha wanaume watupu kilichoanza 1775, wana yao nyumbani. Mtani wao ni Randolph-Macon wa Ashland, palepale Virginia, ambao walikuwa mabingwa wa taifa 2022 kwa kuwafunga Elmhurst pointi 30. Kufika fainali miaka miwili baada ya mtani kubeba kombe, kisha kulikosa kwa pointi nane, ni maumivu ambayo shabiki wa Hope angeweza kuyafafanua vizuri kuliko mtu yeyote.

Anapoondoka mmoja

Vyuo vidogo vya Marekani viko kwenye wakati mgumu. Vijana wanaomaliza sekondari wanapungua katika majimbo mengi ya kaskazini, ada zinapanda, na vyuo visivyo na akiba kubwa vinafunga milango au kumezwa na wenzao. Mashabiki wa daraja la tatu hufuatilia habari hizi kama wengine wanavyofuatilia usajili. Ligi zinabadilika, vyuo vinahama, na mechi iliyokuwa ya lazima mara mbili kwa mwaka inageuka ya hiari, halafu ya mara mojamoja, halafu kumbukumbu.

Kando ya Philadelphia vilikuwapo vyuo viwili vilivyotazamana ng'ambo ya barabara, Cabrini cha Kikatoliki na Eastern cha Kibaptisti. Barabara yenyewe inaitwa Eagle, na mechi zao zikaitwa pambano la Eagle Road. Ugenini kulikuwa mwendo wa miguu. Cabrini haikuwa timu ya kusindikiza: mwaka 2012 ilifika fainali ya taifa na kuikosa kwa pointi tatu, 63 kwa 60, mbele ya Wisconsin-Whitewater.

Mwaka 2024 Cabrini ilifunga milango yake moja kwa moja. Eneo lake likaenda kwa jirani mkubwa, Villanova, ambaye anacheza daraja la kwanza na ana makombe ya televisheni. Eastern bado wapo, wana ratiba, wana wapinzani wa kutosha kila Januari. Ila sasa kwa kila mechi ya ugenini lazima wapande basi.